Mdogo wangu alikuwa akikaa anasikiliza ukuta: tulivyodhani ugonjwa wa Mama umemfuata

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wengine wote habari za tangu jana.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka napita kimya, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimepata ruhusa ya mdogo wangu niandike jambo lililotupata nyumbani, na nitaliandika lilivyokuwa, sitalitia chumvi. Majina nimebadilisha, maana Mji wa Kale ni mdogo na watu wake wana kumbukumbu.

Ni refu kidogo. Mwenye chai aitie kikombeni kabisa.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Tulikaa Mji wa Kale, Mombasa, vyumba viwili vya chini na ua wa kupikia nyuma. Tulikuwa watu wanne: Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu ambaye nitamwita Nasra.

Baba alikuwa karani kule Liwatoni, kazi yake kupima samaki wakishushwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nauza leso kwenye duka la Mhindi mmoja pale Biashara Street. (Leso ndizo nyinyi wengine mwaziita kanga.) Nasra alikuwa darasa la nane, miaka kumi na nne haijatimia.

Na Mama alikuwa mgonjwa.

Nianze na Mama, kwa sababu bila yeye hamtaelewa yaliyofuata.

Mama alikuwa mshonaji wa kofia. Zile za vito, za mkono, vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi, hata kofia moja yaweza kula miezi. Alikuwa na jina mtaani. Mimi nikiwa na miaka minane, na Nasra ndio kwanza anajifunza kusema, Mama alianza kufumua kofia za watu. Anashona mchana kutwa, kisha anafumua. Baba alipomuuliza, alisema nakshi zile zilikuwa zikiandika jina lake na kumtukana.

Baadaye akawa hali chakula alichopika mtu mwingine. Akawa anajibizana na watu wa ghorofa ya juu kupitia bomba la maji, na wenyewe watu wa juu walikuwa wamesafiri kwenda Malindi.

Alizungushwa kwa waganga karibu mwaka mzima. Mwisho alipelekwa hospitali, akapewa vidonge, kisha sindano ya kila mwezi. Huko ndiko ugonjwa ulikopewa jina: skizofrenia. Ni ule ugonjwa wa akili ambao mtu husikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo kweli, lakini kwake yeye ni kweli kama jua.

Sindano ilimsaidia. Sauti zilitulia. Lakini mikono ikawa yatetemeka, kofia akaziacha, akawa mtu wa kukaa pembeni ya ua akichambua mchele. Watu wakazoea kuzungumza mbele yake kama hayupo.

Sisi watoto hatukuelezwa kitu. Ilikuwa ni "mama yenu hajisikii vizuri", basi, nenda ukacheze.

Aliyekuwa akisema ni Shangazi.

Shangazi ni dada yake Baba, alikaa mtaa wa pili. Nisimvunjie heshima. Mama alipozidiwa, yeye ndiye aliyetupikia, akatuogesha, akatusuka nywele. Lakini mdomo wake haukuwa na breki. Kila Nasra akinyamaza kidogo, Shangazi alisema, na Nasra yuko pale pale anasikia: "Huyu ndiye aliyemchukua mamake. Tazama macho. Mamake alianza hivi hivi, kimya kimya."

Alisema hivyo Nasra ana miaka sita. Akasema akiwa na minane. Akasema akiwa na kumi na mbili. Hakuna aliyemnyamazisha. Mimi pia sikumnyamazisha, na niseme ukweli, moyoni nilikuwa nashukuru kwamba hanitaji mimi.

Sasa ule mwaka wa darasa la nane, Nasra akaanza kubadilika.

Kwanza aliacha kwenda kwa rafiki yake wa nyumba ya tatu. Hawa walikuwa hawaachani, wakishinda wakipakana hina na kusimuliana filamu za Kihindi mwanzo mpaka mwisho, pamoja na nyimbo. Ghafla akawa hataki. Rafiki akija, anasema mwambieni nimelala.

Kisha shuleni. Alikuwa mtoto wa kushika nafasi za juu, akaanza kuteremka. Mwalimu wake akatuma barua nyumbani kusema hasikilizi, na daftari linarudi tupu.

Kisha likaja lile lililonitia baridi.

Kila siku baada ya alasiri, akirudi shule, aliingia chumba cha ndani, akakaa mkekani uso umeelekea ukutani, kichwa amekiinamisha upande kidogo, kama mtu anayetaka kusikia redio ya jirani. Nusu saa. Pengine zaidi. Ukimwita haitiki. Ukimgusa bega anashtuka. Usingizi nao ukawa haba, macho mekundu kila asubuhi.

Siku moja tunaosha vyombo uani, akaniuliza, "Dada, umesikia mtu akiniita?"

Mimi sikuwa nimesikia mtu. Sahani ikaniponyoka ikapasuka.

Kuanzia siku ile nikaanza kumlinda. Nilimtazama akila, akivaa, akisukutua. Nilisimama nyuma ya pazia nikimchungulia pale mkekani. Akicheka peke yake nilitia moyoni, asipocheka siku nzima nilitia moyoni pia. Kila kitu kilikuwa dalili. Alipokataa maharagwe jioni moja, nikakumbuka Mama na chakula chake, nikashindwa kula mimi.

Na hapa ndipo nilipokosea wakuu, na mpaka leo hunikera. Badala ya kuzungumza na yeye, nilizungumza na Shangazi.

Shangazi hakushangaa hata kidogo. Alisema amelijua jambo hili tangu mtoto akiwa tumboni. Akakaa na Baba barazani, na waliponiita, mambo yalikuwa yameshapangwa. Jumamosi Nasra atavushwa kwa feri ya Likoni, apelekwe kwa mganga mmoja huko kusini, akae huko mpaka apone. Shule iache kwanza. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umebakisha kama miezi miwili. Shangazi alisema mtihani si kitu, la muhimu ni jambo lisijulikane, kwa sababu msichana akishajulikana ana kichaa hakuna atakayebisha hodi kumposa.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Fanyeni mnavyoona." Ukimjua Baba, hiyo ni ndiyo ya mtu aliyechoka.

Nasra hakuulizwa. Mama hakuambiwa.

Jumatano nikaenda kazini kichwa hakipo. Mchana akaingia dukani mama mmoja tuliyekuwa tukimwita Sista Kadzo. Alikuwa muuguzi, Mgiriama, Mkristo wa kanisa hasa, akikaa Buxton. Ndiye aliyekuwa akimdunga Mama sindano yake kila mwezi, kwa hiyo alitujua. Siku ile alikuja kuchagua leso ya kumpelekea mamake Kaloleni.

Nikamkunjulia leso moja. Nikaikunja. Nikamkunjulia ile ile. Mara ya tatu akaweka mkono juu ya kitambaa.

"Mwanangu, leo una nini?"

Tajiri wangu alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Nikamvuta Sista Kadzo nyuma ya marobota nikamwaga yote. Mkeka, ukuta, macho mekundu, barua ya mwalimu, Jumamosi. Nilikuwa na orodha kichwani na niliitoa yote bila kuruka kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mwenyewe anasemaje?"

"Nani?"

"Nasra. Ulipomuuliza, alikujibu nini?"

Nikaanza kunyosha kamba ya robota.

"Mwezi mzima mwamtazama," akasema polepole, "na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza?"

Nilimwambia naogopa. Nikimuuliza habari za sauti, si nitamtilia kichwani kitu ambacho hakimo? Akasema hapana, swali halileti ugonjwa. Kama upo, upo tayari, na kadiri unavyojulikana mapema ndivyo mtoto anavyosaidika. Kama haupo, mtajua ni kitu gani kingine kinachomsumbua, kwa sababu kuna kitu, mtoto haachi rafiki na usingizi bure. Akaniambia nimtafute akiwa peke yake, mahali pasipo watu, nimuulize kwa maneno ya wazi, na akijibu nisimkatize wala nisilie.

Akasema pia Ijumaa ni siku ya sindano ya Mama, tuje wote watatu, daktari atakuwepo.

Alinunua leso akaondoka. Ya rangi gani sikumbuki.

Alhamisi shule ilikuwa imefungwa, mapumziko ya katikati ya muhula. Nikaomba ruhusa kwa tajiri, nikamwambia Nasra anisindikize nimpelekee Baba chakula Liwatoni. Tulikwenda kwa miguu, ni mwendo.

Tulimpa Baba chakula chake akarudi kwenye mizani. Sisi tukakaa kwenye kivuli cha ukuta, karibu na pale walipokuwa wakiponda barafu. Kelele zile zilinisaidia. Niliona kwamba hata nikisema vibaya, hakuna atakayesikia isipokuwa yeye.

"Nasra," nikamwambia, "nakuuliza kitu. Jibu lolote utakalonipa sitakuona vibaya. Ukikaa pale ukutani, wasikia sauti?"

Nilidhani ataruka. Hakuruka. Alitazama miguu yake.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado hazijaja."

Wakuu, ilinichukua muda kuelewa alichosema.

Nasra hakuwa akisikia sauti. Alikuwa akizingoja.

Akanieleza, na akishaanza hakunyamaza. Tangu mdogo alikuwa amesikia kwamba yeye ndiye atakayekuwa kama Mama. Shangazi amesema, watu wazima hawakukataa, kwa hiyo alijua ni kweli, kama unavyojua kwamba utaota meno ya ukubwani. Alichokuwa hajui ni lini. Mwaka ule alipovunja ungo alimsikia Shangazi akimwambia jirani kwamba mambo haya huwajia wasichana wakishakuwa wakubwa. Basi akajua wakati umekaribia.

Akaamua zisimkute hajajiandaa. Kila siku alikaa mahali penye utulivu kusikiliza kama zimefika. Alichagua chumba cha ndani na ukuta ule kwa sababu bomba la maji la watu wa juu linapita pale, na alijua Mama alizipata kwenye bomba. Alikuwa haitiki akiitwa kwa sababu kwanza alitaka kuhakikisha anayemwita ni mtu. Ndiyo maana aliniuliza siku ile ya sahani. Na mimi nilipoangusha sahani, alijua ndio mwanzo.

Alimwacha rafiki yake kwa sababu hakutaka rafiki awepo siku hiyo itakapofika. Daftari lilirudi tupu kwa sababu hakuona faida ya kusoma. Usiku alikuwa hafumbi macho kwa hofu kwamba zitamjia amelala.

"Na wewe umekuwa ukinitazama," akaniambia. "Nyuma ya pazia. Nikasema dada ameshaona kitu ambacho mimi sijakiona."

Sista Kadzo aliniambia nisilie. Nililia. Kisha nikacheka, na yeye akanitazama kama mimi ndiye niliyeanza kuugua, tukacheka wote wawili pale kwenye harufu ya samaki, na mponda barafu akageuka kututazama.

Tulipotulia akaniuliza kitu kimoja tu. "Zikija, mtanipeleka wapi?"

Nikamwambia atakwenda kwa Sista Kadzo atibiwe, kisha atarudi nyumbani alale kitandani kwake. Akatikisa kichwa kukubali. Nilihisi kama nimetua mzigo wa kuni.

Njiani kurudi, tumefika karibu na nyumbani, akasema, "Kwa nini tusimuulize Mama?"

Mimi, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Nyumba nzima inaogopa ugonjwa, na mtu pekee aliyeuonja amekaa uani, na hakuna anayemuuliza kitu.

Tulimkuta na ungo wake wa mchele. Nasra akachuchumaa mbele yake akamweleza yote, kama alivyonieleza mimi. Mama aliweka ungo chini.

"Nani amekwambia utakuwa kama mimi?"

Mama hakungoja jibu. Alijua.

"Njoo ukae hapa," akamwambia. Nasra akakaa. Mama akautazama ungo, kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku lililofungwa miaka.

"Mimi sikuzingoja, mwanangu. Nilikuwa na kofia mkononi, nawaza nitapika nini. Zikaja kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Sikusema naumwa. Nilisema nyinyi nyote mmenibadilikia. Wewe waogopa kuugua. Mimi sikuogopa kuugua, niliogopa watu. Nilimwogopa baba yako. Niliogopa uji wangu mwenyewe."

Akamshika kidevu.

"Alichokuandikia Mungu mimi sikijui. Lakini hayo unayoyafanya pale ukutani si yangu. Huo ni woga. Na siku zikija, uniambie mimi kwanza. Humu ndani, nizijuaye ni mimi."

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akisema maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja, kabla ya siku ile. Kisha akarudi kwenye mchele wake, na Nasra akamsaidia kuchambua.

Ijumaa asubuhi tukaenda kliniki wote watatu. Sitaki mdhani kwamba mambo yaliisha kwa maneno ya uani. Daktari alizungumza na Nasra peke yake muda mrefu, kisha akatuita sisi. Aliuliza habari za kula, kulala, shule, kama kuna anayemfuatilia au kumsema. Akampima masikio pia. Mwisho akasema kwamba kwa siku ile haoni ugonjwa wa Mama. Anaona mtoto mwenye hofu kubwa na usingizi mdogo, na hofu ikikaa hivyo muda mrefu nayo ni jambo la kutibiwa. Akataka kumwona tena baada ya mwezi, na baada ya hapo tena.

Sista Kadzo alitukalisha kwenye benchi nje akatufafanulia, na haya nayaandika kwa ajili ya wenye watoto.

Alisema mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu yuko karibu nao kuliko mtoto mwingine, hilo haifai kulificha. Lakini wengi wao hawaupati kabisa. Akasema alivyoanza Mama ni vya Mama, wengine huanza tofauti, wengine hujua wenyewe kwamba kuna kitu hakiko sawa. Kwa hiyo tusichukue maneno ya Mama tukayafanya kipimo. Kujitenga, kuacha kuoga, kushuka shuleni, kushuku watu, kusema mambo yasiyoungana, haya tukiyaona yanaendelea wiki kwa wiki, tusikae kubahatisha, tuje. Yaweza kuwa ugonjwa, yaweza kuwa huzuni, yaweza kuwa mtoto anaonewa mahali. Mkao wa kuchungulia nyuma ya pazia hautatuambia ni lipi.

Hapo alinitazama mimi. Nilistahili.

Jioni baada ya magharibi tulimweleza Baba. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe hakinywi. Tulipomaliza, alinigeukia mimi, si Nasra.

"Na wewe nilikuwa nakutazama," akasema. "Miaka yote. Ulipokuwa ukizungumza na wanasesere wako, sikulala."

Yaani wakuu, nyumba ile kila mtu alikuwa amesimama nyuma ya pazia lake akimchungulia mwenziwe. Baba ananichungulia mimi, mimi namchungulia Nasra, Nasra anauchungulia ukuta.

Jumamosi asubuhi Shangazi akaja amevaa buibui la safari, na mkoba mtupu wa kutilia nguo za Nasra. Baba alimpokea mlangoni.

"Dada, leo hatuendi," akamwambia.

Shangazi akasema mengi. Kwamba tutajuta, kwamba yeye ndiye aliyewalea watoto hawa, kwamba tumeshalogwa na hospitali. Baba alisimama tu akimsikiliza, na nilimwona anaanza kulegea, kwa sababu ni dada yake mkubwa na alikuwa na haki nyingi juu yetu.

Ndipo Mama akatoka uani. Alikuwa amejifunga leso vizuri, amejitanda.

"Wifi, karibu chai," akasema. "Nasra ana mtihani. Hatakwenda mahali."

Shangazi akaweka mkoba chini. Nadhani miaka kumi alikuwa hajasikia Mama akimkaribisha mtu kitu ndani ya nyumba ile. Aliketi. Mama akamimina chai, ikamwagika kidogo sahanini kwa ule mtetemeko, na hakuna aliyeinuka kumpokea birika. Shangazi akainywa yote.

Hakuomba radhi, na hatukungoja aombe. Lakini habari ya macho ya Nasra hatukuisikia tena kutoka kinywani mwake.

Msidhani hofu ilimtoka Nasra siku ile ile. Wiki za mwanzo bado alikuwa akienda kukaa ukutani, ila sasa alikuwa akituaga. "Naenda kusikiliza kidogo." Mama alikuwa akimfuata, akakaa naye mkekani. Mara dakika kumi, mara tano. Siku moja walianza kuzungumza habari za mapishi, wakasahau kilichowapeleka.

Mtihani aliufanya. Hakuwa wa kwanza, alipita, akaingia sekondari. Kwa Sista Kadzo tulimpeleka kila mwezi, kisha kila baada ya miezi mitatu, na akiwa kidato cha tatu, mitihani ilipomlemea usingizi ukapotea tena, alikwenda mwenyewe kwa miguu yake bila kuambiwa na mtu. Ilikuwa stress. Wakaitibu kama stress.

Leo ni mtu mzima ana nyumba yake na watoto. Ugonjwa wa Mama haukumjia. Haukunijia mimi pia. Wala sijigambi, maana ungeweza kuja, na ungekuja tungemtibu aliyeupata tukaendelea kumpenda, kama tulivyofanya kwa Mama.

Mama naye alirudi kuzidiwa mara mbili katika miaka ile. Lakini mara zote mbili tuliwahi, kwa sababu alikuwa ameshatuambia mwenyewe tutazame nini: nikianza kukataa chakula cha mkono wa mtu, mwiteni Sista Kadzo. Siku chache tu, akarudi kwetu.

Kuna siku moja sitaisahau. Ilikuwa kama mwezi mmoja baada ya ile kliniki. Nilirudi kutoka dukani alasiri, nikaingia chumba cha ndani, nikamkuta Nasra mkekani. Nikasimama kumchungulia kwa mazoea. Kisha nikaona amelala. Amelala hasa, mdomo wazi, mate yanamtoka, mguu mmoja juu ya mto. Mama yuko kando anampepea, akaweka kidole mdomoni kunionya nisimwamshe.

Nilikaa pale mlangoni, viatu bado miguuni, nikamsikiliza anavyokoroma.

Nilichojifunza si kikubwa. Tulikuwa na macho manane ya kumtazama mtoto na hatukuwa na mdomo hata mmoja wa kumuuliza. Mtoto wa mzazi mgonjwa anajua mengi kuliko mnavyodhani, na asichokijua anakijaza mwenyewe, na anakijaza kwa kitu kibaya kuliko ukweli. Mwelezeni ugonjwa kwa jina lake. Msizungumze juu ya kichwa chake. Na mkiona mabadiliko, mpelekeni kwa wenye ujuzi mapema, msingoje yawe makubwa, msimfiche.

Nimemaliza. Nasra atausoma uzi huu, kwa hiyo andikeni kwa adabu. Waliolelewa na mzazi wa namna hii, ningependa kujua nyinyi mliambiwa na nani, na mlikuwa na umri gani. Wauguzi na madaktari mliomo humu, nilipokosea nisahihisheni.

Na wewe ambaye sasa hivi una mtoto amejifungia chumbani na unamsikiliza kupitia mlango, ingia umuulize. Kisha rudi hapa utuambie alikujibu nini.